Sabuni Kwenye Kibuyu

“Nusa! Nimesema nusa! Unaogopa nini, si ni kazi ya mikono yako?”

“Mama Sharon, toa hiyo kitu usoni mwangu. Nina wateja.”

“Na hao wateja wanuse! Okumu, kuja hapa. Weka pua uniambie, hii ni harufu ya maziwa ama ni harufu ya shati limeanikwa?”

Okumu wa boda alikuwa amekuja kununua mkate tu. Akanyoosha shingo, akaingiza pua kwenye mdomo wa kile kibuyu, akaitoa haraka. Akamtazama Nduta ndani ya duka, akamtazama Chepkoech nje, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye abiria kwenye nyumba zote mbili, akasema, “Mimi nina homa, mama. Pua imeziba tangu jana.”

Watu wakacheka. Chepkoech hakucheka.

Ilikuwa Jumatatu, saa moja asubuhi, saa ambayo duka la Nduta pale mtaani Kimumu hujaa watoto wanaotaka kalamu na akina mama wanaotaka mkate. Hakuna saa mbaya ya kuaibishwa kuliko hiyo, kwa maana habari huondoka na kila mkate. Na Chepkoech alijua. Nyumba yake iko nyuma ya ya Nduta, na kati yao kuna ua wa kaiyaba wenye tundu, tundu ambalo wao wenyewe walilikata miaka minne iliyopita ili wasizunguke barabarani wakitembeleana. Leo hakupitia tunduni. Alizunguka makusudi, leso imefungwa ovyo kiunoni, aje mbele, kwenye watu.

“Niambie tu ulikiosha na nini,” akasema.

“Nilikiosha. Siku hizi kuosha chombo cha mtu ni makosa?”

“Na nini, Mama Muigai?”

“Na maji.”

“Maji ya wapi hayo yanatoa povu?”

Nduta akajifanya kumhesabia mtoto mmoja chenji. Kisha akaona hakuna pa kukimbilia, wavu mbele na rafu nyuma, akainua kichwa. “Na sabuni ya unga. Na waya ya kusugulia sufuria. Kilikuwa cheusi ndani kama bomba la moshi! Ningekurudishia chombo chako hivyo, mkaseme mama wa duka ni mchafu?”

“Aiii!” likatoka kwa watu, sauti moja. Nekesa, mama mboga wa kibanda cha pembeni, akaweka chini kisu cha kukatia sukuma. Hata yeye, mtu wa Bungoma, alijua.

Kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, hakionjeshwi sabuni. Kinasuguliwa ndani kwa ufito wa mkindu, kinachomwa kwa kaa la mti wa senetwet, majivu yanalainishwa kwenye kuta zake hadi zing’ae, ndipo maziwa yanamiminwa yalale humo wiki nzima au zaidi. Ule weusi ndio utamu wenyewe. Hiki cha Chepkoech kilikuwa cha marehemu mama yake, chenye mfuniko wa ngozi na mstari wa simbi shingoni, na weusi wake ulikuwa wa miaka thelathini. Nduta aliumaliza kwa dakika ishirini. Hakuna aliyewahi kumwambia asifanye hivyo, jinsi ambavyo hakuna anayemwambia mtu mzima asimwogeshe mtoto kwa mafuta ya taa. Miaka minne yote Chepkoech alikuwa akija na kibuyu, anamimina maziwa kwenye jagi la Nduta, wanakunywa chai, anarudi nacho. Mara moja tu alikiacha, akikimbilia mkutano wa chama cha kuweka akiba. Mara hiyo moja.

“Wageni walitema!” Chepkoech alikuwa sasa anawahutubia wote. “Jumamosi, wazee wa watu wametoka Moiben kuja kumwulizia Sharon wangu, awe mke wa kijana wao. Nikafungua kibuyu mbele yao vile mama yangu alinifundisha, mgeni aone mfuniko ukitoka. Nikamimina. Mzee akameza, akasimama, akatema kwenye zulia langu! Nikadhani amekabwa. Kumbe povu! Waliondoka bila kula, chakula kimejaa meza. Mnajua walisema nini? Walisema, ‘Kama hamtutaki, mngetuambia kwa mdomo.’”

Nduta akaweka mkono kwenye komeo la mlango wa duka. Kama Chepkoech angenyamaza hapo, pengine angefungua mlango wa duka atoke nje, ashike mikono yake, na mambo yaishe. Lakini hasira ikishapanda haishuki kwa sababu mtu mmoja ameshika komeo.

“Miaka minne nimekulisha!” Chepkoech akaendelea. “Kila wiki mbili, maziwa. Na si haya ya chupa ya plastiki ya huko mjini, maziwa ya ng’ombe wa ndugu yangu! Asali ya Kerio, nani alikuletea? Uyoga wa mvua za kwanza, nani aliamka saa kumi na moja kukuokotea? Hata kwa ndugu zangu sikupeleka, nikaleta hapa!”

“Na mimi sikukupa? Njahi unayopikia wageni wako inatoka wapi? Inatoka Murang’a kwa gunia la mamangu! Hicho kibuyu chako nilikirudisha kimejaa njahi mpaka mdomoni, na hapa Eldoret uitafute uione!”

“Njahi! Unaharibu nyumba yangu unanipa maharagwe! Nyinyi watu mnajua kupokea tu.”

Nyinyi watu. Kuna maneno ambayo Kimumu watu wazima hawayasemi kwa sauti tangu mwaka ule watu walipochomewa nyumba kwa ajili ya kabila, na wenye akili walianza kuokota mikate yao na kuondoka. Nderitu wa bucha, aliyekuwa amesimama mlangoni pake ng’ambo ya barabara, akakunja mikono kifuani. Okumu akawasha pikipiki kabla hajapata chenji.

Na Nduta, ambaye mpaka hapo alikuwa mkosaji na alijua, akapata mahali pa kusimama. Akasogea hadi wavuni.

“Maziwa yako ya masizi!” akasema. “Ulidhani tulikuwa tunakunywa? Kila wiki mbili nilikuwa namwagia mbwa.”

Chepkoech akakiweka kibuyu pale dirishani, polepole, kwenye sanduku la mandazi.

“Basi kaa nacho,” akasema. “Mbwa wako apate bakuli.”

Akaondoka kwa njia ile ile ya barabara, na leso ikamwangukia nusu, na hakuishika.

*

“Tuna mbwa sisi?”

Hilo ndilo swali aliloingia nalo Macharia jioni, kabla hajavua koti. Macharia ana kibanda cha vipuri vya magari mjini, na habari ilimfikia huko saa nne asubuhi, imeshaongezwa chumvi.

“Nilikuwa na hasira.”

“Sikuulizi hasira. Nauliza mbwa. Kwa sababu Kimumu nzima inajua hatuna mbwa, kwa hivyo sasa wanajiuliza mbwa aliyekuwa anakunywa maziwa ni nani kwa hii nyumba.” Akashusha sauti na kuelekeza kidevu kwenye kona, kwa mamake. “Umemwita mama yangu mbwa, Nduta. Umesema kwa mdomo wako, mbele ya watu.”

Mama huyo, ambaye wote nyumbani walimwita Cucu, alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na jiko la makaa, blanketi magotini. Hakusikia. Masikio yake huchagua. Alizaliwa kwenye shamba la ngano la mzungu huko mbele ya Chepkoilel, babake akiwa dereva wa trekta, na akalelewa na majirani Wanandi kama na mamake, akinywa kwenye vibuyu vyao. Sasa amefika umri ambao mambo ya jana yamemtoka na ya miaka ya hamsini yanampitia machoni kama leo. Chakula chote kilishamkinaisha. Uji anautazama, mchuzi anausukuma, ndizi anazificha chini ya mto. Kitu kimoja tu bado kilishuka: ugali laini uliobondwa kwenye maziwa ya Mama Sharon. Nesi wa dispensari alipomwona anakonda alisema, anachokubali mpeni, msimlazimishe kingine.

“Maziwa,” akasema Cucu sasa hivi, kama aliyeitwa. “Leo si siku ya maziwa?”

“Yanakuja, Cucu,” akasema Nduta.

“Yanatoka wapi?” akauliza Macharia. “Kwa mbwa?”

Nduta akainuka, akaingia jikoni, akafunga mlango. Kibuyu kilikuwa juu ya kabati. Alikitazama kwa chuki, kana kwamba ndicho kilichomshtaki. Na akamchukia Faith, dada ya Macharia, aliyekuja kutembea mwezi jana, akachungulia ndani yake na kubana pua: “Ai, mke wa ndugu yangu, vyombo vya watu mnarudisha hivi? Watasema sisi hatujui maji?” Faith alirudi Nakuru kesho yake. Maneno yake yakabaki, na waya ya kusugulia ilikuwa karibu.

Kesho yake asubuhi, Jumanne, Nduta alichukua kipande cha mabati kuukuu akaziba lile tundu la ua, akafunga kwa waya. Akafunga kwa nguvu mpaka akajikata kidole. Upande wa pili alisikia mtu akifagia. Ufagio ulisimama. Kisha ukaendelea.

*

Jumatano alifunga duka saa sita, jambo ambalo hafanyi, akashuka mjini. Sokoni akampata mama mwenye chupa za plastiki zimepangwa juani, maziwa ya kijivu ndani. Chupa ya soda, shilingi mia mbili na hamsini.

“Ni ya kibuyu?” akauliza.

“Ni ya kibuyu, mama.”

“Kibuyu kiko wapi?”

“Kibuyu kiko nyumbani. Ulitaka nikuje nacho kuonyesha watu?”

Alinunua. Nyumbani akasonga ugali laini, akabonda, akamimina, akapuliza ingawa maziwa yalikwisha kuupoza. Cucu alifungua mdomo kwa shauku. Kijiko kikaingia. Kisha polepole maziwa yakaanza kurudi, yakateremka kidevuni mpaka kwenye blanketi.

“Hii imelala kwa mtungi wa dizeli,” akasema Cucu. Akageuza uso ukutani.

Alhamisi hakula. Alikunywa chai rangi vijiko vinne, Nduta alivihesabu. Macharia alileta maini, akaleta parachichi, akaleta yogati ya watoto yenye picha ya tumbili. Usiku alimbeba mamake kumpeleka kitandani, na alipotoka chumbani akasimama katikati ya sebule mikono bado imekunjwa kama amebeba kitu.

“Hana uzito,” akasema. “Nduta, hana uzito wowote.”

“Unataka niende nikapige magoti?”

“Nataka mamangu ale.”

“Aliniita ‘nyinyi watu’, Macharia! Mimi! Aliyekaa na Sharon wiki mbili akiwa na malaria, Mama Sharon akiwa kwa mazishi ya mamake! ‘Nyinyi watu’! Aje yeye!”

Macharia akarudi chumbani kwa mamake, akafunga mlango. Katika ndoa ya miaka ishirini na mmoja Nduta alikuwa amejua kupambana na majibu yake yote isipokuwa hilo.

*

Ijumaa, Nekesa aliingia dukani kununua chumvi ambayo hakuhitaji. Mtu akitaka habari za Kimumu hana haja ya redio. Anunue sukuma ya shilingi ishirini na asiwe na haraka.

“Wale wageni wa Moiben wanarudi kesho,” akasema Nekesa, akigeuzageuza pakiti. “Wanakuja na shangazi ya huyo kijana Felix anayemtaka Sharon. Huyo mama mzee ndiye mwenye neno kwao. Anataka kumwuliza Mama Sharon uso kwa uso: ile sabuni ilikuwa jibu ama haikuwa?”

“Si awaambie? Awaambie ni mimi nilikiosha, yaishe.”

“Hajawaambia.”

“Nani kasema?”

“Mwalimu Jackson mwenyewe, bwanake. Anasema amemwomba mke wake mpaka amechoka. Taja jirani, ujiondolee lawama. Amekataa. Wageni walimwuliza hiyo siku, nani alishika hiki kibuyu? Akasema, ‘Mimi. Ni changu, hakuna mwingine.’” Nekesa akaweka chumvi chini. “Mimi singekuficha, Mama Muigai. Nakwambia ukweli wa Mungu. Ningekutaja na namba ya simu.”

Nduta alisimama pale na noti ya Nekesa mkononi. Angetegemea moyo ulainike. Badala yake alihisi hasira mpya, kali kuliko ya Jumatatu, kwa sababu hii haikuwa na pa kwenda.

“Nani alimtuma anifiche?” akasema. “Nani alimwomba? Anikanyage mbele ya watu halafu anifiche nyuma ya pazia! Sasa mimi nitakuwa nani? Nitalala vipi nikijua binti wa watu amekosa mume kwa sababu ya sabuni yangu, na mama yake amenyamaza ili mimi niuze mkate kwa amani?”

“Mimi nilikuja tu kununua chumvi,” akasema Nekesa, na akaondoka mbio kuwahi kumsimulia mtu.

*

Jumamosi, saa saba mchana, gari jeupe lilipita mbele ya duka likielekea nyuma. Nduta aliliona. Alipima sukari ya mtu, akaimwaga nusu, akapima tena. Saa saba na nusu aliingia nyumbani kumjaribu Cucu kwa uji.

Kiti kilikuwa kitupu. Blanketi chini. Juu ya kabati, mahali pa kibuyu, palikuwa na duara la vumbi tu.

“Macharia!” akaita, akakumbuka Macharia yuko mjini. Akakimbia uani. Kile kipande cha mabati kilikuwa kimelala kwenye nyasi, waya imevutwa mpaka ikanyooka. Mwanamke ambaye siku mbili hakuwa na nguvu ya kushika kijiko! Nduta akainama, akapita tunduni, kaiyaba ikamchana begani, akatokea upande wa pili kwenye ua uliofagiwa, viatu vya wageni vimepangwa mlangoni pa Chepkoech. Pembeni mwa viatu hivyo vyeusi vilivyong’arishwa palikuwa na malapa ya Cucu, moja la kijani, moja la bluu.

Alisimama mlangoni na aproni yake ya duka.

Sebule ilijaa. Wazee wawili wenye kofia magotini. Kijana Felix kwenye kiti cha pembeni, shingo imebanwa na tai. Mwalimu Jackson akiwa wima kama anayesimamia mtihani. Kwenye kochi kubwa, mwanamke mzee mwenye kitambaa cha zambarau kichwani, ambaye lazima ndiye shangazi. Na kando yake, magoti yakigusana, Cucu, amekumbatia kibuyu kitupu kifuani, akiongea Kinandi kwa kasi ambayo Nduta hakuwahi kumsikia akiongea lugha yoyote. Shangazi alikuwa ameinamisha sikio. Mbele ya Cucu palikuwa na kikombe, na mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe kwa maziwa.

Chepkoech alikuwa mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha sufuria mkononi. Alimwona Nduta. Uso wake haukusema karibu wala toka.

“Na huyu?” shangazi akauliza.

“Ni jirani,” akasema Jackson haraka. “Amekuja kumchukua mama yake. Mama Muigai, chukua tu mzee, sisi bado tuna...”

“Mimi ndio niliosha kibuyu,” akasema Nduta.

Hakuwa amepanga kulisema hivyo. Alikuwa amepanga usiku kucha maneno ya adabu, ya kuanza na samahani wazee wangu. Yote yalibaki kwenye kaiyaba.

“Kwa sabuni ya unga,” akaendelea, na sauti yake ikapanda kama ya anayegomba. “Vijiko viwili. Na waya. Na maji moto. Nikakisuuza mara tatu, msidhani nilifanya haraka haraka. Huyu mama hakujua. Alikiacha kwangu, nikamrudishia na njahi ndani, hakuona.”

“Mara tatu,” shangazi akasema.

“Mara tatu.”

“Na bado.”

“Mimi nilifika nyumbani ningali natoa povu,” akasema mmoja wa wazee, kwa uchungu. “Mke wangu akaniuliza nimeogea wapi.”

Felix aliinamisha kichwa, mabega yakamtetemeka. Mahali fulani jikoni Sharon aliangusha kifuniko cha sufuria.

“Chekeni,” akasema Nduta. “Lakini kwa wiki nzima huyu mama amebeba mzigo wangu. Na mimi nilimtukana kwenye duka langu, nikasema maziwa yake namwagia mbwa. Sina mbwa. Yalikuwa yananywewa na huyu hapa, mama ya bwana yangu, na tangu Jumatatu hajala kitu. Sasa mmejua. Sabuni haikuwa jibu. Ilikuwa ujinga wangu.” Akamgeukia Chepkoech, na machozi aliyokuwa ameyazuia yakatoka kama hasira. “Na wewe! Kwa nini hukusema? Nani alikwambia unifiche?”

“Usinipigie kelele kwa nyumba yangu!”

“Wewe ulinipigia kwa duka langu!”

“Ulitaka niwaambie nini?” Chepkoech alirusha kile kitambaa mezani. “Niwaambie kibuyu cha marehemu mama yangu nilikiacha kwa jikoni ya watu, nikakimbilia pesa za chama? Waniulize mimi ni mama wa aina gani? Na nikwambie lingine. Niliona! Niliona kimekuwa cheupe ndani, nikaona aibu kukuuliza, nikachoma kaa juu yake nikasema moshi utafunika. Kwa hivyo usidhani ni wewe tu nilikuwa naficha. Nusu nilikuficha wewe, nusu nilijificha mimi.” Akavuta pumzi. “Na lile neno. Lile neno nililokuambia dukani. Hilo sikufundishwa na mama yangu.”

Hakuna aliyeuliza ni neno gani. Wote waliokuwa pale walikuwa na umri wa kulijua.

Shangazi alimpokonya Cucu kibuyu taratibu, akakinusa, akafumba macho, akakitoa puani. “Hiki kimekufa,” akasema. “Lakini nimeona vilivyokufa vikirudi. Itachukua mwaka. Kuchoma, kusugua, kumimina maziwa, kumwaga. Tena na tena.”

“Atakuja yeye,” akasema Chepkoech, akimwonyesha Nduta kwa kidole. “Kila Jumapili. Ufito ninao. Maziwa ya kumwaga ya kwake, si yangu.”

“Nitakuja,” akasema Nduta. “Usinielekezee kidole.”

“Na hili la watoto,” akasema shangazi, “tutaliongea tukishakula. Juzi nimeambiwa watu wangu walirudi na njaa kutoka kwa meza iliyojaa. Mimi sikutoka Moiben kurudia hiyo.”

Nduta akamshika Cucu mkono. “Twende, Cucu. Wacha watu wale.” Cucu alimtazama kama konda asiyemjua, akarudisha mkono wake, akaendelea na hadithi yake ya trekta na mzungu pale ilipokatikia. Nduta akabaki ameinama, mkono hewani. Akajinyoosha, akaivuta aproni, akageukia mlango.

“Na wewe unaenda wapi?” Chepkoech akauliza.

“Nimeacha duka wazi.”

“Liibwe.”

“Sina njaa, Mama Sharon.”

“Sijakuuliza kama una njaa. Njahi yako iko mezani, nimeipika tangu alfajiri, na hapa hakuna anayejua kama imeiva ama bado iko mawe. Ingia ule.”

Sharon alikuwa ametoka jikoni na beseni na jagi la maji ya vuguvugu, akaanza na shangazi, akaenda kwa wazee, akaja mpaka mlangoni aliposimama Nduta. Ukingoni mwa beseni palikuwa na kipande cha sabuni. Nduta akakiona. Wote wakaona anakiona, hata Cucu.

“Shika,” akasema Chepkoech, bado amekunja uso. “Hiyo ni ya mikono.”